Mashine ya boti inazima katikati ya ziwa, na stata inafanya tak tak tu: ninunue kabureta mpya?

"Habari za kazi fundi. Nipo Matema, Kyela, pembeni ya Ziwa Nyasa, nina boti ya mbao na mashine ya HP 40 ya zamani, silinda mbili, ile ya kuchanganya petroli na oili, niliinunua mtumba. Mchana nabeba abiria na mizigo kwenda Ikombe na kule mbele, usiku vijana wanaenda na boti kuvua usipa (dagaa wa ziwani) kwa taa. Tatizo la kwanza, nikitoka inaenda vizuri, ila nikiifungulia moto wote dakika kama kumi au kumi na tano inaanza kulegea, inakohoa, inazima. Nikifungua dumu kuangalia mafuta au kuongeza, nikakamua kile kipira cha kuvutia mafuta kilicho kwenye mpira, inawaka kama hakuna kilichotokea, baada ya muda yale yale. Tenki lake lilipasuka kwahiyo natumia dumu la lita 20, mpira umepita kwenye kifuniko na nimebana na tyubu ili maji ya mawimbi yasiingie. Tatizo la pili ni stata, asubuhi inafanya tak tak tak tu. Betri ni ya sola, ndo hiyo hiyo ya taa. Nimeipandisha mashine mpaka Mbeya mjini kwa fundi wa pikipiki, kwake kwenye pipa la maji iliwaka vizuri kabisa, akapunguza mafuta kwenye kabureta akasema inakunywa sana, ila ziwani ni yale yale. Sasa ananiambia ninunue kabureta na stata mpya. Nisaidie kabla sijauza ng'ombe. Ndaga fijo."

Ndugu yangu, ng'ombe muache kwanza. Kwa maelezo yako mwenyewe sioni mahali popote panaponiambia kabureta imekufa, na stata nayo sidhani, ingawa hiyo lazima tuipime. Unachoniambia ni kwamba mashine inakosa mafuta baada ya muda fulani, na betri haina nguvu asubuhi. Haya ni matatizo mawili tofauti ila moja linalichochea jingine, maana kila mashine ikizima unakaa na funguo unaisaga stata mpaka betri inachoka. Kwahiyo tuanze na mafuta.

Kitu ulichokitaja kama cha pembeni ndo chenyewe. Umesema ukifungua dumu inapona. Nadhani umechukulia kwamba inapona kwa sababu umeongeza mafuta, au kwa sababu imepumzika. Mimi naona inapona kwa sababu umefungua kifuniko. Dumu lako umelibana na tyubu kiasi kwamba hakuna hewa inayoingia. Mashine inavuta petroli kutoka humo, na kila lita inayotoka inabidi nafasi yake ichukuliwe na hewa. Isipochukuliwa, ndani ya dumu kunakuwa na mvuto wa kurudi nyuma, ni kama kunyonya soda kwenye chupa huku mdomo umeuziba wote, mara ya kwanza inakuja, ya pili kidogo, ya tatu chupa inajikunja na hupati kitu. Mashine ya HP 40 ya aina yako ikifunguliwa moto wote inakula kama lita 15 mpaka 20 kwa saa, kwahiyo kwenye dakika kumi imeshatoa karibu lita tatu. Ndo maana haizimi palepale ufukweni, inakusubiri ufike mbali. Na ndo maana ukienda taratibu utakuta inavumilia muda mrefu zaidi, au haizimi kabisa.

Sasa usiniamini mimi, pima. Safari ijayo, karibu na ufuko, peke yako na kijana mmoja bila abiria, endesha moto wote na huyo kijana aangalie vitu viwili, dumu na kile kipira cha kukamua. Mashine ikianza tu kulegea, kabla haijazima, aguse kipira. Kama kimenywea, yaani kimebanwa ubavu na hakirudi, kizuizi kipo nyuma yake upande wa dumu, na dumu lenyewe litakuwa limebonyea mbavu. Alegeze kifuniko. Ukisikia linavuta hewa "fsss" na mashine inashika moto tena, umeshamaliza uchunguzi wa tatizo la kwanza na hujatumia hata mia.

Kama kipira hakijanywea ila ni laini laini, ukikikamua mashine inafufuka na ukiacha inalegea tena hata kifuniko kikiwa wazi, hapo ni habari nyingine. Inaweza kuwa hewa inaingia mahali kwenye mpira, au pampu ya mafuta ya mashine yenyewe imechoka. Na kama kipira ni kigumu kabisa, kimejaa, na bado inazima, hapo ndo unaanza kuifikiria kabureta au moto wa plagi. Umeona sasa kabureta ipo nafasi ya ngapi kwenye foleni.

Nieleze kidogo kuhusu hewa inayoingia, maana watu wengi wanakosea hapa. Utasikia mtu anasema "mpira wangu mzima, hauvuji hata tone." Kutoka kwenye dumu mpaka kwenye pampu ya mashine, petroli haisukumwi, inavutwa. Pakiwa na ufa mdogo petroli haitoki nje, hewa ndo inaingia ndani, na hewa huioni. Angalia pale mpira unapoungana na kipira, na pale unapochomekwa kwenye mashine, kile kiungio cha kubofya kina oring (pete ya mpira) ndani yake ambayo ikikauka inavuta hewa. Kama mpira ni ule wa plastiki wa kupitishia maji, ambao petroli inaukausha unakuwa mgumu kama mfupa, utupe, nunua mpira wa mafuta na uufunge kwa klipu za skrubu, waya wa kufungia uzio tafadhali hapana. Na hakikisha mshale ulio kwenye kipira unaelekea kwenye mashine. Nimeona uliogeuzwa na mwenyewe kabadilisha mpaka plagi.

Pampu ya mafuta kwenye mashine hizi ni kitu kidogo cha kubanwa kwa skrubu ubavuni, ndani yake kuna utando mwembamba unaochezeshwa na mapigo ya hewa ya ndani ya injini yenyewe, pistoni ikipanda na kushuka ule utando unapumua na kusukuma petroli. Ukikauka au ukitoboka, mashine inasairensi vizuri (inanguruma bila gia) na inatembea polepole vizuri, ila ukidai nguvu inashindwa kufikisha mafuta. Vifaa vya kuikarabati (utando na gasketi zake) vinauzwa kama seti na bei yake huwezi kuilinganisha na kabureta nzima. Usikubali mtu akukatie utando kwa tyubu ya baiskeli. Petroli inaivimbisha tyubu ndani ya muda mfupi na utarudi palepale, na hilo linahusu pia hiyo tyubu uliyobania kifuniko, vipande vyake vinaanguka ndani ya dumu vinaenda kuziba.

Fundi wako simlaumu sana, ila kuna mambo mawili yaliyomdanganya. La kwanza, pipa. Mashine kwenye pipa haisukumi boti, haina mzigo, inakula mafuta kidogo sana, na kwa kawaida fundi anatumia tenki lake au anaweka chupa ya petroli juu. Tatizo la dumu lako hata halikufika Mbeya, lilibaki Matema. La pili ni urefu wa mlima. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Ziwa Nyasa ni kama mita 475 tu. Kule juu hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia kumi ukilinganisha na ziwani. Kabureta haijui kwamba imepanda mlima, inatoa petroli karibu ile ile wakati hewa imepungua, kwahiyo mashine inaonekana inakunywa, moshi mwingi, plagi nyeusi. Fundi akapunguza mafuta, pale kwake ikatulia. Umeshuka nayo Tukuyu mpaka Kyela, hewa imekuwa nzito, sasa petroli ni kidogo kuliko inavyotakiwa.

Na hili ndo jambo ambalo lingenikosesha usingizi kuliko yote uliyoandika. Kwenye mashine ya kuchanganya, oili inaingia pamoja na petroli, haina njia nyingine. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua, na moto ndani ya silinda unakuwa mkali zaidi. Pistoni inapata joto na inakosa ulainishaji kwa wakati mmoja, matokeo yake inakwaruza silinda au inakamata kabisa. Kwahiyo ile tabia ya kuendelea kuilazimisha ikiwa inakohoa, choki unavuta ili ufike, acha kuanzia leo. Muulize fundi aligusa nini hasa. Kama ni ile skrubu ndogo ya pembeni tu, hiyo inahusu kusairensi na mwendo mdogo, unairudisha kwenye mizunguko inayosemwa na kitabu cha mashine yako na mambo yameisha. Kama alibadilisha jeti kubwa (kipande chenye tundu la kupitishia petroli ndani ya kabureta) akaweka yenye tundu dogo, mwambie akurudishie ya kwako, hiyo siyo ya kujadiliana. Na kama kabureta itafunguliwa kusafishwa, jeti zinapulizwa kwa hewa au kupitishwa uzi laini wa nailoni, sindano na waya zinapanua tundu.

Kuhusu oili yenyewe, hukusema unatumia ipi, na huku kwetu nyanda za juu ile ya chenso (msumeno wa mashine) imejaa kila duka kuanzia Mafinga mpaka Makambako kwa sababu ya mbao, watu wanaiona ni tustroki (ya kuchanganya na petroli) basi wanamimina kwenye boti. Chenso inapozwa na hewa, mashine yako inapozwa na maji, joto lake la kazi ni tofauti, oili hiyo inaacha masizi kwenye pistoni na plagi. Tafuta iliyoandikwa TC-W3, ndo alama ya oili ya mashine za boti zinazopozwa na maji. Uwiano fuata kitabu au kibandiko cha mashine, nyingi za ukubwa huo ni moja kwa hamsini, yaani mililita 20 kwa lita, mililita 400 kwa dumu la lita 20. Pima kwa kikombe chenye alama. Na petroli ya kwenye madumu ya barabarani mimina kidogo kwenye chupa nyeupe uiache itulie nusu saa, kama kuna maji utaona yamekaa chini kama shanga. Mchanganyiko uliokaa miezi mitatu usiusikitikie.

Sasa dumu. Njia nzuri kabisa ni tenki halisi la boti, lenye kifuniko cha skrubu ya hewa, hata la mtumba ambalo halijapasuka, unafungua skrubu ukiondoka na unafunga ukiegesha. Najua si rahisi kulipata Kyela. Njia ya kati ni kuendelea na dumu lakini ulipe pumzi: toboa tundu la pili kwenye kifuniko, weka kijibomba chembamba chenye nati na washa zinazovumilia petroli, juu yake unganisha kimpira kifupi ukikunje kiangalie chini kama ndoano. Hewa inaingia, maji ya mawimbi hayaingii. Mvuke wa petroli utatoka kidogo pia kwahiyo dumu likae sehemu ya wazi, mbali na betri na mbali na anayevuta sigara au anayechemsha chai. Njia ya kulegeza kifuniko tu inafanya kazi kwa leo ili urudi nyumbani, ila kipindi cha upepo wa kusi, kuanzia kama Mei mpaka Agosti, maji yataingia na utakuwa umebadilisha ugonjwa. Ukiniuliza mimi, dumu ni la miezi miwili mitatu huku unatafuta hela ya tenki. Hayo madumu ya mafuta ya kula hayakutengenezwa kwa petroli, yanalegea, na wewe unabeba watu.

Tuje kwenye stata. Tak tak tak ya haraka haraka karibu siku zote ni umeme mdogo. Ile swichi kubwa ya umeme (selenoidi) inajaribu kushika, stata inadai umeme mwingi, betri inaporomoka, selenoidi inaachia, betri inapanda kidogo, inashika tena. Ingekuwa stata imekufa ungesikia "tak" moja nzito na kimya. Ingekuwa inazunguka kwa kelele bila kuzungusha mashine, hapo ni ile gia inayoruka (bendeksi) imeganda kwa kutu na uchafu, inasafishwa na kuwekewa oili nyepesi, grisi nzito inaigandisha zaidi asubuhi ya baridi. Na ingekuwa kimya kabisa bila hata tak, angalia fyuzi na kama gia ipo nyutro, maana kuna swichi inayozuia isiwake ikiwa kwenye gia.

Betri yako imefanya kazi ya taa usiku kucha. Tuseme taa zinakula ampea nne kwa masaa nane, hizo ni ampea-saa 32 zimeondoka. Mashine za umri huo, kama koili yake ya kuchaji bado nzima, zinarudisha kama ampea sita tena kwa moto wote, kwahiyo safari ya nusu saa inarudisha tatu. Hesabu haikai. Halafu betri ya sola imetengenezwa kutoa umeme kidogo kidogo kwa muda mrefu, stata inataka umeme mwingi kwa sekunde chache, hata ikiwa imejaa inaweza kushindwa kama ni ndogo. Azima betri ya gari iliyojaa, nzima, jaribu nayo asubuhi moja. Ikizungusha vizuri, stata yako haina shida, unachohitaji ni betri ya kuwashia peke yake na ya taa ibaki ya taa.

Ukiwa na mita, betri iliyopumzika isome kama volti 12.6 ikiwa imejaa, 12.2 ni nusu. Mtu awashe funguo huku umeshika mita kwenye nguzo za betri, ikishuka chini ya 9.6 betri haina uwezo. Ikibaki juu lakini stata inazunguka kwa uvivu, umeme unapotea njiani. Hapo fungua vichwa vya betri na ule waya wa hasi ulipofungwa kwenye mwili wa mashine, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga kwa spana, zile nati za masikio zinalegezwa na mtetemeko. Ukigusa baada ya kuwasha, kiungo chenye joto ndicho kibovu. Usisage stata zaidi ya sekunde tano hivi kwa mkupuo, iache ipoe. Na ile ya kuunganisha selenoidi kwa bisibisi mashine iwake, naomba usiifanye karibu na dumu linalotoa mvuke, cheche moja inatosha, na pia unakuwa umeiruka swichi ya nyutro, boti inaweza kuruka mbele na mtu yupo majini nyuma. Kamba ya kuvuta, kama mashine yako bado inayo, iwe nzima muda wote.

Mpangilio wangu ungekuwa hivi: wiki hii tundu la hewa kwenye dumu, mpira na klipu, kabureta irudishwe ilivyokuwa, betri ya kuazima. Halafu endesha nusu saa moto wote ukizunguka palepale mbele ya Matema. Mpaka hiyo nusu saa ipite bila kukohoa, usipakie abiria. Unajua mwenyewe kule mbele ya Ikombe milima ya Livingstone inavyoingia moja kwa moja ziwani, sehemu za kuegesha ni za kuhesabu, ukizima na kusi inavuma unasukumwa kwenye mawe. Makafi, nanga yenye kamba ndefu na jaketi za kila mtu ziwemo.

Kama baada ya hayo bado inalegea, au ukivuta kamba kwa mkono unasikia ni nyepesi kuliko zamani, au plagi moja inatoka na vipunje vya chuma vinavyong'aa, usiendelee kujaribu, itakuwa tayari pistoni imekwaruzwa. Hapo tafuta fundi anayefanya mashine za boti, si wa pikipiki, na awe na geji ya kupima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda). Silinda zako mbili zisitofautiane zaidi ya kama asilimia 15. Apime ukiwepo, akuandikie namba zote mbili kwenye karatasi, na akitaka kufungua kichwa cha injini akuonyeshe kuta za silinda kwa tochi kabla hamjaongea bei ya spea yoyote.